Usiku ule Wembley ilipoitikia

Jumatatu ya Pasaka, Aprili 20, 1992, watu 72,000 walijaa Uwanja wa Wembley, London, kwa ajili ya matanga. Marehemu alikuwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, aliyefariki Novemba 24, 1991 akiwa na miaka 45, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu kwamba ana ukimwi. Mazishi yake yalikuwa ya familia na marafiki wachache, kwa taratibu za dini ya Kizoroasta aliyozaliwa nayo. Mashabiki hawakupata siku ya kulia pamoja. Ndipo wenzake watatu, Brian May, Roger Taylor na John Deacon, walipoamua kuwapa siku hiyo. Tiketi zilikwisha katika muda wa saa chache, kabla wanunuzi hawajaambiwa ni wasanii gani wageni watakaokuja.

Lakini kazi iliyowakabili watatu hao ilikuwa nzito. Walikuwa na gitaa, besi na ngoma. Sauti ya kuongoza hawakuwa nayo. Nyimbo za Queen zilitungwa kwa kipimo cha koo la mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amefariki. Wakachagua njia pekee iliyokuwa ya heshima: kila wimbo na mgeni wake. Walipanda Roger Daltrey, Robert Plant, Seal, Lisa Stansfield, Annie Lennox, David Bowie, Elton John, Axl Rose, na mwisho kabisa Liza Minnelli. Bowie alipiga goti mbele ya uwanja mzima akasali sala ya Baba Yetu. Elizabeth Taylor, mcheza sinema, alisimama akawaeleza vijana wazi jinsi ya kujikinga na virusi, katika miaka ambayo wanasiasa wengi walikwepa hata kulitaja jambo lenyewe.

Wengi wa wageni hao walifanya vizuri, na wengine walionekana kabisa kupambana na nyimbo zilizowazidi kimo. Hilo si la kuwalaumu. Kupanda jukwaa lile kulihitaji ujasiri. Hata hivyo, zaidi ya miaka 30 baadaye, ukikutana na shabiki wa Queen popote ukamuuliza juu ya tamasha lile, mazungumzo huishia kwenye dakika zile chache ambazo George Michael aliimba "Somebody to Love". Watu ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1992 huitazama rekodi yake wakafuta machozi. Nami naamini kilichotokea usiku ule kinatufundisha, kuliko mahali pengine popote, nini hasa hutokea wimbo wa zamani unapoimbwa na koo jingine mbele ya watu wanaoupenda.

Tuanze na wimbo wenyewe. Queen waliutoa Novemba 1976, ukiwa mmoja wa nyimbo za albamu ya "A Day at the Races", ukafika nafasi ya 2 Uingereza. Freddie aliutunga akimhusudu Aretha Franklin, binti wa mchungaji aliyelelewa katika uimbaji wa injili wa makanisa ya Wamarekani weusi. Mapigo yake huenda kwa tatu-tatu, yakiyumba taratibu kama watu wanaoyumba katika ibada. Maudhui yake ni maombi ya mtu aliyechoka: anafanya kazi mpaka mifupa inauma, anaamka peke yake, anamlilia Mungu ampatie mtu wa kumpenda. Yule anayeongoza analia, na kwaya inamjibu. Katika studio, kwaya hiyo ilikuwa ni Freddie, Brian na Roger tu, waliorekodi sauti zao mara nyingi na kuzilaza moja juu ya nyingine mpaka watu watatu wakasikika kama kanisa zima.

Ni wimbo usio na pa kujificha. Unaanza na sauti kabla ala hazijakaa sawa. Unapanda, unashuka ghafla, unapanda tena. Hata Freddie mwenyewe, alipokuwa jukwaani, mara nyingi alishusha baadhi ya noti za juu ili kulilinda koo lake. Kisha katikati kuna sehemu ambapo ala hunyamaza, kibwagizo kikaanza chini kabisa, kikarudiwa na kurudiwa huku sauti zikiongezeka na mikono ikipiga makofi, mpaka kinafika juu kama maji yanayojaa. Sehemu hiyo mtu mmoja hawezi kuibeba. Inahitaji umati.

Na umati wa Queen haukuwa umati wa kawaida. Kwa takriban miaka 15, Freddie alikuwa mwalimu wake. Alikuwa na mchezo wake: anatupa sauti ndefu isiyo na maneno, umati unairudisha, anaipinda, umati unaipinda, anaipandisha mpaka pale ambapo mtu wa kawaida hawezi kufika, umati unashindwa, unacheka, unashangilia. Julai 13, 1985, katika tamasha la Live Aid papo hapo Wembley, alifanya hivyo mchana kweupe mbele ya kamera za dunia. Katika "Radio Ga Ga" alikuwa hahitaji kuomba chochote: mikono ya uwanja mzima iliinuka na kupiga makofi mawili-mawili kwa pamoja. Watu walioingia Wembley mwaka 1992 walikuwa wamefundwa. Walijua wapi pa kuitikia, wapi pa kunyamaza, wapi pa kupiga makofi. Chombo kimoja cha Freddie kilikuwa bado hai na kizima, nacho ni wao.

Baadhi ya wageni walipanda kana kwamba kazi yao ni kuijaza nafasi ya marehemu. Ndiyo maana walihangaika. Nafasi ile haikujazika.

George Michael alikuwa na miaka 28. Jina lake la kuzaliwa ni Georgios Kyriacos Panayiotou, mtoto wa mhamiaji kutoka Kupro aliyefanya kazi ya mgahawa nchini Uingereza. Dunia ilimjua kwanza kama kijana mzuri wa sura wa kundi la Wham!, na wapenzi wa roki wengi hawakuwahi kumhesabu kuwa ni wao. Muziki wake ulikuwa pop na soul, redio na disko. Ila kulikuwa na mambo mawili ambayo wenye dharau hawakuyazingatia. La kwanza, alikulia ndani ya nyimbo za Queen. "'39", wimbo wa Brian May aliouimba pia usiku ule, alikuwa akiuimba akiwa kijana katika vituo vya treni za chini ya ardhi za London, akitafuta sarafu za wapita njia. La pili, mwaka 1987 alikuwa ameimba pamoja na Aretha Franklin mwenyewe, na wimbo wao ukashika namba 1 Uingereza na Marekani. Freddie aliutunga "Somebody to Love" kwa kumhusudu Aretha kutoka mbali. George alikuwa ameimba naye. Kwa maana hiyo alikuwa akiujua wimbo ule kutoka kwenye chimbuko lake.

Wembley nayo aliijua. Juni 28, 1986 Wham! waliaga mashabiki wao hapo hapo, na wiki mbili baadaye, Julai 11 na 12, Queen wakapanda jukwaa kwenye uwanja uleule.

Ipo rekodi ya mazoezi kabla ya tamasha ambayo mashabiki huitazama karibu sawa na tamasha lenyewe. Hakuna umati, hakuna taa kubwa. George anaimba kana kwamba uwanja umejaa, na pembeni David Bowie anamtazama asiondoe macho. Seal naye yupo, anatikisa kichwa kufuata mapigo. Mwimbaji anapowafanya waimbaji wenzake, tena wa ngazi ya Bowie, waache mambo yao na kusikiliza, jambo limekwishatokea. Ninaipenda rekodi hiyo kwa sababu inaonyesha kuwa lililofuata halikuwa bahati ya usiku mmoja. Lilifanyiwa kazi.

Siku yenyewe, usiku ulikuwa umeshaingia alipopanda. Akaanza na "'39", kisha akaimba na Lisa Stansfield "These Are the Days of Our Lives", wimbo wa miezi ya mwisho ya Freddie. Halafu nyuma yake wakawepo waimbaji wa London Community Gospel Choir, kwaya ya kanisa kweli, si sauti tatu zilizozidishwa na mitambo. Uamuzi huo wa kuweka kwaya naupa uzito mkubwa. Wimbo ule ulirudishwa kwa wenye asili yake, watu ambao kuongoza na kuitikia ni ibada yao ya kila Jumapili.

George hakumuiga Freddie. Hakujaribu mikogo yake, mwendo wake, wala ule mkono wa kuupungia ulimwengu. Aliuheshimu wimbo kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuupindapinda ili aonekane mbunifu, lakini alitia ndani yake uchungu wa namna nyingine. Freddie aliuimba kama mfalme anayelalamika mbele ya baraza lake. George aliuimba kama mtu anayeomba kweli. Ukisikiliza kwa makini, katika beti za katikati sauti yake inakwaruza kidogo mahali ambapo siku nyingine angeilainisha, naye anaiacha ikwaruze.

Sasa tufike kwenye sehemu ile ambapo ala hunyamaza. Kwaya ilianza kibwagizo chini, na uwanja ukaanza kupiga makofi mikono ikiwa juu ya vichwa. George akawageukia watu. Hakuwa na haja ya kuwafundisha. Aliwatupia mstari, nao wakaurudisha kwa nguvu ambayo unaiona usoni mwake: kwa sekunde chache ni mtu aliyeshangazwa na ukubwa wa jibu. Akawaachia. Wakaimba wenyewe, tena na tena, kila mzunguko ukipanda, na kamera zilipopita juu yao ziliwaonyesha watu waliofumba macho, watu wanaolia na kuimba kwa wakati mmoja, vijana wenye jaketi za ngozi waliokuja kwa ajili ya Metallica na Guns N' Roses wakiimba kama wanakwaya. Miezi mitano walikuwa wameombolezea chumbani kila mtu na redio yake. Sasa walikuwa wamepewa kazi ya kufanya. Sauti ya Freddie haikuwapo jukwaani, lakini mafunzo yake yote yalikuwa yakisikika kutoka viti vya nyuma kabisa hadi nyasi za mbele.

Hapo ndipo naona tofauti ya kupiga kopi na kuuhuisha wimbo. Mwenye kupiga kopi hushindana na kumbukumbu iliyo kichwani mwa msikilizaji, na kumbukumbu daima humshinda. George aliitumia kumbukumbu ileile. Alijua kuwa kila mtu pale anao wimbo kamili ndani yake, noti kwa noti, na kwamba yeye ameitwa kuufungulia mlango. Mashabiki wanaokasirika wimbo wao unapoguswa mara nyingi huambiwa kuwa ni wagumu wa mabadiliko. Sikubaliani. Wanalinda kitu walichoshiriki kukijenga. Wanampokea mgeni kwa moyo mkunjufu mno pale tu anapoonyesha kuwa anajua amekaribishwa nyumbani kwa watu.

Lipo jambo ambalo watu 72,000 wale hawakulijua. Mpenzi wa George, Mbrazili aitwaye Anselmo Feleppa, alikuwa mgonjwa wa maradhi yaleyale yaliyomuua Freddie, na ilikuwa siri. George hakuwa ameutangazia umma maisha yake ya mapenzi. Angefanya hivyo mwaka 1998. Miaka mingi baadaye alisimulia kwamba usiku ule alipanda jukwaani akiwa na kazi mbili: kumuenzi Freddie, na kumuombea Anselmo. Kwa hiyo lile ombi la wimbo, la mtu anayemlilia Mungu, halikuwa la kuigiza. Feleppa alifariki Machi 1993. George alisema pia kuwa kuimba wimbo wa Freddie mbele ya umati ule kulikuwa pengine fahari kubwa kuliko zote za maisha yake ya kazi, kwa kuwa ndoto yake ya utotoni ilitimia. Na wakati huohuo palikuwa na huzuni isiyosemeka.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa miaka hiyo ilikuwaje. Tanzania iliwatambua wagonjwa wake wa kwanza watatu mwaka 1983, mkoani Kagera, ambako watu waliyaita maradhi hayo Juliana kabla ya jina rasmi kufika. Nchini Uganda, mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza mwaka 1989 akasema hadharani kuwa ameambukizwa, Mganda wa kwanza mashuhuri kufanya hivyo. Wapo waliodhani anatafuta pesa. Akazunguka shuleni na makanisani, akiimba na kuonya huku mwili ukiisha, mpaka alipofariki Desemba 15 mwaka huohuo. Lutaaya alijitangaza akiwa bado na miezi ya kusimama mbele ya watu na kuitikiwa. Freddie, aliyewindwa na magazeti ya Uingereza mpaka mlangoni kwake, aliiweka siri hiyo hadi saa zake za mwisho. Kwa hiyo Wembley ililazimika kumfanyia baada ya kufa lile ambalo Lutaaya aliwahi kulipata angali hai: watu kusimama hadharani na kusema kwamba mgonjwa wa ukimwi ni mtu wao. Siku ile inaelezwa kwamba zaidi ya riboni nyekundu 100,000 ziligawiwa, na kuanzia hapo alama hiyo ikaenea Ulaya. Dawa za mchanganyiko zinazorefusha maisha zilikuwa bado miaka minne mbele.

Baada ya tamasha, uvumi ulienea kwamba George Michael angejiunga na Queen. Mashabiki wengi walitamani iwe hivyo, na natamka wazi kuwa nafurahi haikuwa. Jambo lile lilikuwa kamili kwa sababu lilikuwa la usiku mmoja na lilikuwa na sababu yake. Aprili 1993 rekodi ya "Somebody to Love" ya Wembley ilitolewa katika sahani iliyoitwa "Five Live", ikashika namba 1 Uingereza, nafasi moja juu ya pale ulipofika wimbo wa asili. Mapato yalikwenda kwa Mercury Phoenix Trust, mfuko uliozaliwa kutokana na tamasha lile kwa ajili ya vita dhidi ya ukimwi duniani.

Queen walikuja kupata waimbaji wengine kwa safari za miaka ya baadaye: Paul Rodgers kwanza, kisha Adam Lambert, ambaye husimama mbele ya hadhira bila kujifanya ni Freddie, na kwa hilo anastahili heshima anayopewa. Lakini kama unataka ushahidi kuwa nyimbo zile zimehamia kwa watu, angalia lililotokea Hyde Park, London, Julai 2017. Bendi ya Green Day ilikuwa haijapanda jukwaani. Vipaza sauti vikacheza "Bohemian Rhapsody" kwenye kanda, jukwaa likiwa tupu, na watu wapatao 65,000 wakauimba wote, kuanzia mwanzo wa taratibu, kupitia ile sehemu ya opera yenye sauti zinazojibizana, hadi gitaa la mwisho walilolishangilia kana kwamba Brian May yuko mbele yao. Hakuna aliyewaongoza.

George Michael alifariki siku ya Krismasi ya mwaka 2016, akiwa na miaka 53. Freddie, aliyezaliwa Farrokh Bulsara Zanzibar Septemba 5, 1946, mtoto wa keshia wa Mahakama Kuu, ana jumba lake la makumbusho hukohuko, mtaani Shangani, tangu mwaka 2019, na wageni kutoka pembe zote za dunia hupiga picha mlangoni pake. Wengi wetu tunaopita pale tunajua sura yake na masharubu yake kuliko tunavyozijua nyimbo zake. Ningependa hilo libadilike, na mahali pazuri pa kuanzia ni pale Wembley.

Rekodi ya usiku ule inapatikana kwa urahisi kwenye intaneti. Itafute leo jioni, weka sauti ya kutosha, na uitazame mara mbili. Mara ya kwanza mtazame George Michael, kwa sababu anastahili. Mara ya pili muache yeye, watazame watu, hasa pale ala zinaponyamaza. Na kama unaimba nyimbo za wengine kwa ajili ya riziki, katika hoteli, harusi au kwaya, itazame mara ya tatu, kisha ijaribu sehemu hiyo na hadhira yako mwenyewe.